Majivu, Vigae na Mtu wa Kukaa

Msikilizaji, ukiingia katika ofisi za halmashauri yoyote ya wilaya nchini utamkuta bwana shamba, afisa mifugo, afisa misitu, afisa ardhi na afisa utamaduni. Kila mmoja ana kipande chake cha ardhi, au cha maisha ya watu, anachokisimamia. Hutamkuta mtu ambaye kazi yake ni kujua chini ya shamba lile kumelala nini: nani alikaa pale kabla ya huyu aliyepo, alipanda nini, alipikia chungu cha nani, na aliondoka lini. Kazi hiyo, inapofanyika, mara nyingi tumewaachia wageni wa msimu. Kundi linafika mvua zikikatika, linachimba wiki chache, linafunga mizigo, na matokeo yanatoka miaka kadhaa baadaye katika jarida ambalo shule za Tukuyu hazitaliona. Leo nataka kumtetea mwanaakiolojia wa namna nyingine, yule anayechagua eneo moja na kulifanya kazi ya maisha yake. Tena nataka kumtetea mahali pagumu kuliko pote pa kumtetea, yaani Rungwe, wilaya ambayo mji wake ni Tukuyu, ambako mtu apitaye kwa gari ataapa kwamba hakuna kitu.

Na kwa nini aape hivyo? Kwa sababu jicho letu limefundishwa kutafuta mawe. Tukisema mambo ya kale tunaona misikiti ya Kilwa, michoro ya miamba ya Kondoa, nyayo za Laetoli alizozifichua Mary Leakey na timu yake mwishoni mwa miaka ya 1970. Rungwe haina magofu ya namna hiyo. Nyumba zake za zamani zilijengwa kwa mianzi na kusiribwa udongo, nyumba nzuri ambazo wageni wa mwanzo walizisifu kwa usafi na ustadi, lakini mwanzi hauna uvumilivu wa jiwe. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa mahali penye mvua kama hiyo una uchachu unaokula mifupa ya ng'ombe na ya mwenye ng'ombe pia. Ongeza kwamba watu wenyewe walikuwa wakihama. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, katika miaka ya 1930, walieleza vijiji vya marika: vijana wanajenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, kibanda kinakuwa nyumba, vibanda vinakuwa kijiji, na kila kizazi kinapofika zamu yake, katika sherehe ya ubusoka, madaraka na ardhi vinagawanywa upya. Kijiji cha namna hiyo hakirundiki takataka zake mahali pamoja kwa miaka mia tano. Kinaacha utando mwembamba hapa, mwingine kule, na utando mwembamba haumpi mchimbaji wa wiki sita chochote cha kupigia picha.

Lakini hebu tuache kutafuta kuta, tuulize ardhi yenyewe inahifadhi nini. Rungwe ina kitu ambacho Kilwa haina: kalenda iliyoandikwa na milima. Karibu miaka 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulilipuka vibaya sana. Karen Fontijn na wenzake, waliochapisha utafiti wao mwaka 2010 na 2011, walipima unene wa mawe mepesi yenye vitundu, yale yanayoelea majini, mahali hadi mahali, na wakaona kwamba yalianguka pande zote za mlima karibu sawasawa. Maelezo yao ni kwamba mlipuko ule ulitokea hewa ikiwa imetulia, bila upepo wa maana wa kuyasukuma majivu upande mmoja. Kwa mtaalamu wa volkano hilo ni jambo la kushangaza kidogo. Kwa mwanaakiolojia ni zawadi, maana ni kama mtu ametandika mkeka mmoja juu ya nchi nzima kwa wakati mmoja. Kitu kilicho chini ya mkeka ni cha kabla ya miaka 4,000, na kilicho juu yake ni cha baadaye, mradi ardhi ya pale haijapinduliwa na jembe, fuko au maporomoko. Kisha ukaja mkeka wa pili, ule wa Ngozi, mlima ambao leo watalii wanaupanda kuona ziwa lake. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho haujatimiza miaka 1,000. Na juu ya yote kuna Kiejo, uliotoa lava karibu mwaka 1800, tarehe ambayo wanajiolojia waliikadiria kwa kusikiliza masimulizi ya wenyeji. Bila gharama ya maabara, mtu anayejua kuyatofautisha matabaka haya kwenye ukingo wa barabara iliyokatwa anaweza kusema kigae alichokishika ni cha zama zipi. Ila kuyatofautisha hakujifunzwi kwa msimu mmoja. Majivu hubadilika rangi na unene kutoka bonde hadi bonde, na anayeyajua ni yule aliyekwisha kuyaona mara mia tatu.

Hifadhi ya pili iko chini ya maji. Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, limekaa ndani ya shimo la volkano kusini mashariki ya Tukuyu, na watu wengi wanalijua kwa hadithi ya fedha za Wajerumani zilizotupwa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hadithi hiyo ina mvuto wake, sarafu za Kijerumani hutolewa humo kweli, lakini hazina kubwa ya Masoko ni tope. Tope la ziwa lisilo na mto wa kulivuruga hujilaza tabaka juu ya tabaka, likibeba chavua ya mimea iliyochanua kandokando na chembe za mkaa wa mioto iliyowaka. Mwaka 2003 Annie Vincens na wenzake walichapisha historia ya uoto wa eneo hilo kwa miaka 4,200 kutokana na chavua hiyo, na mwaka huohuo Florian Thevenon na wenzake wakachapisha historia ya moto. Miti inapungua, nyasi zinaongezeka, moto unapanda na kushuka. Nani alifanya hivyo, ukame au binadamu? Kichwa chenyewe cha makala ya Vincens kiliuliza swali hilo, na tope peke yake halilimalizi. Chembe ya mkaa haisemi kama iliwashwa na radi, na mwindaji, na mkulima anayefyeka, au na mhunzi anayeandaa makaa ya tanuru. Jibu liko nchi kavu: mavi ya chuma yaliyozagaa shambani, mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, vigae, mawe ya kusagia. Mtu aende kwa miguu, bonde kwa bonde, aone vitu hivyo viko wapi na havipo wapi, kisha alete ramani yake mbele ya historia ya ziwa. Wenye ziwa wamekwisha kufanya sehemu yao tangu zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Hapa patasimama mzee mmoja mwenye hoja nzito. Atasema: historia yetu tunayo, tumeisimulia na imeandikwa. Na kweli imeandikwa. Monica Wilson alitoa vitabu vinne vikubwa juu ya Wanyakyusa kati ya mwaka 1951 na 1977, na nyuma ya vitabu hivyo walikuwapo watafiti wenyeji, mmojawapo Leonard Mwaisumo, karani Mnyakyusa aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki 1938, ambaye bila yeye daftari nyingi za Wilson zingekuwa tupu. Masimulizi yaliyomo yanasema wazee wa koo za watawala waliteremka kutoka milima ya Ukinga, wakaleta moto, ng'ombe na chuma kwa watu waliokuwa wakila vyakula vibichi. Sasa, hakuna mtu mzima anayeamini kwamba kabla ya watawala hao bonde zima la mto Mbaka lilikuwa halijui kupika ndizi. Ile ni lugha ya utawala: anayetawala anadai kwamba yeye ndiye aliyeleta kila chema. Simon Charsley mwaka 1969, na baada yake Marcia Wright, walionyesha kwamba masimulizi haya yalikuwa na wenyewe, na kwamba siasa za karne ya 19 ziliyafinyanga. Kwa hiyo swali si kama tuyaamini au tuyatupe. Swali ni sehemu gani ya masimulizi inahifadhi nini. Jembe la mwanaakiolojia ndilo linaloweza kusaidia kulijibu.

Mfano bora uko upande mwingine wa nchi, Buhaya, mkoani Kagera. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alianza kazi huko karibu mwaka 1969, akawasikiliza wazee kwa muda mrefu kabla ya kuchimba. Katika kijiji cha Katuruka wazee walimwonyesha mahali paitwapo Kaiija, penye habari za mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma aliotaka kuujenga ufike mbinguni. Alipochimba hapo mwaka 1970, alikuta kweli mabaki ya kazi ya chuma. Lakini mkaa wake ulipopimwa kwa kaboni ya mionzi ulirudi nyuma zaidi ya miaka 2,000, kabla sana ya mfalme yeyote anayekumbukwa kwa jina. Tuupime mfano huu vizuri, maana hutumiwa vibaya pande zote mbili. Wazee walikosea wakati, wakapatia mahali. Mtaalamu asiyesikiliza asingejua achimbe wapi, na msimulizi asiye na mchimbaji asingejua kwamba kumbukumbu ya mahali ilidumu kupita kumbukumbu ya watu. Na hakuna upande ambao ungefika hapo kama Schmidt angekaa wiki sita. Yeye ni Mmarekani, hivyo msikilizaji asidhani nabagua kwa pasi ya kusafiria. Alirudi Buhaya kwa miongo kadhaa, na hicho ndicho ninachokitetea: kurudi, na kurudi tena, mpaka wazee waache kukuonyesha wanachoonyesha wageni.

Rungwe ina hata jirani wa kulinganisha naye. Ng'ambo ya mto Songwe, ule unaomwaga maji Ziwa Nyasa na si ule wa jina hilohilo unaokwenda Rukwa, wanaishi Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa masimulizi ya asili. Makao ya kale ya mtawala wao, Kyungu, kilima cha Mbande karibu na Karonga, yalichimbwa na Keith Robinson, na taarifa yake ya akiolojia ya Ungonde ilitoka mwaka 1966. Upande mmoja wa mto, basi, masimulizi yamekutanishwa na udongo. Upande wa pili, vitabu vinne vya anthropolojia bado vinasimama bila mwenzi wao wa ardhini. Hali hii inachekesha kidogo: huenda hakuna wilaya nyingi Tanzania zilizoandikwa sana kama Rungwe, huku udongo wake ukiwa umeulizwa machache namna hii.

Wengine watasema: sawa, lakini umekiri mwenyewe kwamba udongo umekula kila kitu. Umekula mifupa na mianzi, haukula vyote. Chukua mgomba. Mgomba ukioza hauachi mbegu wala mti, lakini ndani ya majani yake mna vijiwe vidogo vya silika, visivyoonekana ila kwa darubini, vyenye umbo linaloutofautisha na mimea mingine, na uchachu wa udongo hauvisumbui sana. Kwa vijiwe hivyo watafiti wa Kameruni walionyesha kwamba ndizi zililimwa huko karibu miaka 2,500 iliyopita, na kwa vijiwe hivyohivyo kukazuka ubishi mkali Uganda, katika kinamasi cha Munsa, ambako baadhi walidai miaka zaidi ya 5,000 na wenzao wakakataa. Rungwe, ambako ndizi ndiyo chakula, bado haijaingia katika mjadala huu kwa uzito unaostahili. Ni ajabu. Kisha kuna vyungu. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wamefinyanga kwa mkono, bila gurudumu, vyungu vyepesi vinavyovushwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema, na kutoka huko vinapanda hadi Tukuyu na Mbeya. Kigae cha Kikisi kilichookotwa mlimani si uchafu wa shamba, ni stakabadhi ya biashara. Tangu lini stakabadhi hizo zilianza kupanda mlima? Nani alinunua, nani hakununua? Wakinga walishusha majembe ya chuma wakapandisha chakula. Je, vyungu na majembe vilianza safari pamoja? Maswali haya hayahitaji hekalu wala kaburi la mfalme. Yanahitaji mtu anayeweza kutofautisha udongo wa Ikombe na wa kwingine kwa kuutazama, ujuzi unaopatikana kwa kukaa na wafinyanzi, si kwa kuazima kitabu.

Nimetaja kaburi, na hapo pana pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine yote. Misitu ya matambiko ya Rungwe, kama Lubaga, makao ya mtawala-kuhani Lwembe, si bustani. Ni mahali pa wafu na pa maombi, na mtu kutoka chuo kikuu akifika na sepetu ana haki ya kufukuzwa. Mimi nasema mwanaakiolojia wa Rungwe anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kugusa kaburi hata moja, na kazi yake ikawa bora kwa sababu hiyo. Misitu hiyo ni alama: miti ilipandwa pale malafyale mpya, yaani mtawala, aliposimikwa, hivyo msitu unaonyesha kijiji kilikuwa wapi hata nyumba zilipokwisha kuoza. Kinachotakiwa ni kuiweka kwenye ramani, kuuliza majina yake, na kutembea mashamba yanayoizunguka. Hayo yanafanyika kwa ruhusa, na ruhusa ya kweli haitolewi na barua ya wizara pekee. Inatolewa na watu wanaokujua kwamba ulikuwapo kwenye msiba wao mwaka juzi.

Tufike kwenye fedha, maana kijana anayesikiliza ananiuliza kimoyomoyo atakula nini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu mwaka 1985, na wahitimu wake wako kwenye makumbusho, kwenye hifadhi, na vyuoni. Wengine, kama Bertram Mapunda aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya uyeyushaji wa chuma kusini magharibi mwa nchi, wameonyesha kwamba mikoa hii ina kazi ya kutosha kujenga jina. Ajira za kudumu hata hivyo ni chache, sitamdanganya mtu. Mlango uliofunguka ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka miradi mikubwa itathminiwe kabla ya kuanza, urithi wa utamaduni ukiwamo. Rungwe ina barabara zinazopanuliwa, mashamba ya chai na parachichi, na utafutaji wa jotoardhi pembeni mwa Ngozi na Kiejo. Palipo na tingatinga pana kazi ya mwanaakiolojia. Ila kazi ya mkataba ina ugonjwa wake: anayelipa anataka uharaka, na jibu linalompendeza ni lilelile la mpita njia, kwamba hakuna kitu. Mtaalamu asiyelijua eneo atasaini. Aliyekwisha kutembea mabonde yale miaka kumi hawezi, kwa kuwa anajua kigae kiko chini ya majivu, na kwamba kutazama juu ya ardhi tu mahali palipofunikwa mara mbili na volkano ni sawa na kusoma jalada ukadai umemaliza kitabu.

Sheria nayo inatupa shida nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Misheni ya Wamoravian ilianza Rungwe mwaka 1891, na boma la Wajerumani la Masoko ni la baadaye zaidi, kwa hiyo hivyo vyote viko nje ya mstari huo mpaka vitangazwe kwa jina. Na nani atajua kipi kinastahili kutangazwa, kama si mtu anayekifahamu kila kimoja kilipo? Orodha haijiandiki yenyewe Dodoma.

Kazi ya kuanzia si ya gharama kubwa. Ni kutembea kingo za barabara zote zilizokatwa kati ya Tukuyu na Masoko katika miezi ya kiangazi, kuweka alama kila panapoonekana mkeka wa miaka 4,000 na ule wa Ngozi, na kuandika kila kigae na kila jiwe lililochongwa kama liko juu au chini. Msimu wa pili ni mashamba yanayozunguka misitu, pamoja na wenye mashamba, kwa Kinyakyusa. Msimu wa tatu ni Ikombe, kwa wafinyanzi. Linalobaki ni kuamua vilivyookotwa vitakaa wapi, maana vikipelekwa Dar es Salaam anayekaa Tukuyu atakuwa amebaki na daftari tu. Vigae havidai jengo la makumbusho. Vinataka chumba kimoja chenye rafu, kufuli, na paa lisilovuja, na kwa mvua za Tukuyu hilo la tatu ndilo litakalohitaji fundi mzuri.